Mume wangu katekista anagawa mtama wa nyumbani. Nikihamisha magunia mawili kimyakimya nitakuwa nimekosea?

Mama_Kihenge:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwa wazee, shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu, maana nikilieleza hili kwa kifupi mtasema mume wangu ni mbaya au mimi ni mchoyo, na hakuna lililo kweli hapo. (La pili labda kidogo.)

Tuko upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Mume wangu ni katekista wa mtaa wetu (yaani kanisa dogo la kijiji chini ya parokia), Anglikana. Walioishi vijijini wanajua katekista hana mshahara. Pasta wetu ana mitaa kadhaa, anatufikia mara moja kwa mwezi kwa ajili ya Meza ya Bwana, siku nyingine zote kanisa ni huyu mume wangu. Ibada yeye, darasa la kipaimara yeye, mgonjwa yeye, msiba yeye. Baiskeli ni yake na pancha ni zake.

Na sijawahi kumwona akijipendelea. Masika haya alikufa bibi mmoja asiye na mtoto wa kiume, udongo umelowa, vijana wa kuchimba wamejificha majumbani. Mume wangu alichukua sururu akaanza peke yake, mpaka watu wakaona haya wakatoka. Msibani ananawisha watu, yeye anakula makoko ya mwisho. Mnajua mnada wa baada ya ibada, wa mayai na kuku waliotolewa sadaka. Mtu akimnunua kuku akasema "huyu wa mtumishi", kuku huyo hafiki kwangu. Anapitia kwa mjane fulani njiani. Mimi kuku wa mtumishi namfahamu kwa sauti tu.

Kwa hiyo si mnafiki. Angekuwa mnafiki nisingewasumbua, ningejua la kufanya.

Sasa mtama. Mwaka jana tulivuna magunia tisa. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, hesabu nazipenda, nikapiga: kila gunia debe tano, jumla debe arobaini na tano, na sisi ni watu sita (sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe) tunakula debe moja kwa wiki tukibana. Tukianza kihenge (ghala letu la nafaka) mwanzoni mwa Julai, kinatufikisha katikati ya Mei, mavuno mapya yako mlangoni. Inatosha kabisa. Kwa Dodoma kutosha ni utajiri.

Mwezi wa pili nilikuwa mashine ya kusaga, foleni ndefu, mama mmoja akanishika mkono mbele za watu: "Asante mama katekista, Mungu awazidishie, ule mtama umetuokoa." Nikamjibu amina, karibu tena. Karibu tena! Wakati huo mtama gani sijui.

Nilipofika nyumbani nilipanda kwenye kihenge nikaangalia ndani. Jioni nikamuuliza, hakuficha. Debe nane, nyumba tano, akanitajia moja moja na shida zao. Shida za kweli, isipokuwa nyumba moja ambayo ina mbuzi na mbuzi wale mpaka leo wako zizini. Akanisomea Wafilipi sura ya pili, pale panaposema kila mtu aangalie mambo ya wengine, si yake tu. Nikamuuliza, hao wengine, na mimi nimo? Akacheka kwa upendo kabisa, akasema, "Wewe si mwingine. Wewe ni mimi."

Hapo ndipo aliponifunga mdomo. Maana ni kweli Biblia inasema mwili mmoja. Kwa hiyo akijinyima yeye, mimi nimeshajinyima tayari, hata kama sijui.

Lakini shamba lile nani amelipalilia? Januari yote yeye yuko kwenye ziara za wagonjwa na vikao vya parokia. Mimi na mama mkwe ndio tulioinama. Watoto ndio waliosimama juani na makombeo wakifukuza kweleakwelea kabla ya shule na baada ya shule. Kihenge kilikwisha katikati ya Machi badala ya Mei. Nikakopa kikobani kwa riba ya asilimia kumi nikanunua mahindi ya Kibaigwa kwa bei ya wakati wa njaa. Deni nimelimaliza juzi.

Sasa tunavuna. Mwaka huu mvua haikuwa mbaya, labda tutagusa magunia kumi. Dada yangu anaishi Ihumwa, ana chumba kikavu. Nafikiria kumpelekea mawili kimyakimya kabla hayajaingia kihengeni, na ikifika Februari niyarudishe niseme nimenunua. Nitakuwa nimemdanganya mume, au nitakuwa nimelinda watoto? Na lile kubwa zaidi: kiongozi akiambiwa atangulize wengine, mke wake na watoto wanasimama upande gani wa mstari?

Naandika usiku, bando la usiku, kesho asubuhi niko shambani. Nitawasoma jioni.

Kijana_wa_Nkuhungu:

Dada, hamisha matatu. Huyo anatafuta sifa kwa jasho lako. Viongozi wa dini wote ndivyo walivyo, wa mjini wanachukua sadaka, wa kijijini wanachukua mtama wa wake zao.

Mama_Kihenge:

Mdogo wangu, sifa hapana. Huyo mama wa mashine nisingekutana naye, mpaka leo nisingejua. Mtafuta sifa hagawi usiku. Naomba tumwongelee mtu aliyepo, tusimtengeneze mwingine.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa:

Marahaba mwanangu. Mimi nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi na katekista pia kwa miaka mingi, sasa nimebaki na miwani na mbuzi wachache. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza niseme jambo ambalo halisemwi kwenye vikao. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianza mwaka 1927, na tangu hapo kanisa la vijijini limebebwa na makatekista. Askofu hawezi kufika kila kijiji, pasta hawezi. Sasa uliza, hawa watu wasio na mshahara walikula nini muda wote huo? Walikula jembe la wake zao. Mimi mwenyewe nilikuwa na mshahara wa ualimu, lakini wenzangu niliosimama nao madhabahuni walilishwa na wake zao, na siku ya kustaafu kwao cheti cha shukrani kiliandikwa jina moja.

Sasa hilo neno la mumeo, "wewe ni mimi". Ni neno zuri na amelishika upande mmoja. Waefeso 5 inasema mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, halafu inaeleza mtu anaufanyia nini mwili wake: hauchukii, bali anaulisha na kuutunza. Paulo hakutumia mwili mmoja kumpa mume ruhusa ya kumfungisha mke saumu asiyoitangaza. Na kama kweli wewe ni yeye, basi siku kihenge kinafunguliwa nusu yake haikuwapo. Aliyetoa ni nusu ya mtu.

Mimi kisa ninachokipenda kuhusu uongozi si cha kutawadha miguu, ingawa hicho ndicho tunachohubiri kila Alhamisi Kuu. Ni kile cha Daudi katika 2 Samweli 23. Daudi yuko pangoni, Wafilisti wameshika Bethlehemu, akatamka tu kwamba angependa maji ya kile kisima cha langoni. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya maadui wakayaleta. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, akasema hii ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Angalia alichokiona kwenye kile chombo. Mtu mwingine angeona maji, yeye aliona watu. Mumeo akifungua kihenge anaona mtama. Angeona mgongo wako wa Januari na yale makombeo ya watoto, mkono ungekuwa mzito kidogo. Si kwamba asingetoa. Angekuja kukuuliza kwanza.

Mwingine ni Nehemia sura ya 5. Tunamsifu kwa ukuta, lakini sura hiyo ni ya njaa. Inaanza na kilio, na mwandishi anasema wazi kilikuwa kilio cha watu na cha wake zao. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. (Mizabibu, na sisi watu wa Dodoma tunajua kuweka rehani shamba la zabibu maana yake nini.) Nehemia alikuwa liwali, ana haki ya posho ya chakula. Miaka kumi na miwili hakuigusa, na mezani pake walikula watu mia na hamsini. Alichoachia kilikuwa haki yake mwenyewe. Maliwali waliomtangulia waliwalemea watu, wakawatoza chakula, divai na fedha.

Kuhusu magunia ya Ihumwa sitakujibu leo. Nataka nisikie akina mama wanasemaje.

Neema_tu:

Samahanini, ila naona hapa tunambembeleza dada. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni apike, yeye na mwanawe wale wafe. Eliya akamwambia nifanyie mimi KWANZA mkate mdogo. Kabla ya mtoto! Akafanya, na pipa la unga halikupunguka. 1 Wafalme 17. Sasa dada anapiga hesabu ya debe na wiki kama Mungu hayupo kwenye hesabu. Imani haina kikokotoo.

Mke_wa_Pasta_Kongwa:

Neema, nimekusoma, na hicho kisa nimekihubiri kwenye Umoja wa Akina Mama. Lakini kisome tena taratibu. Eliya alimwomba nani? Alimwomba yule mama mwenyewe, uso kwa uso, na mama akamweleza hali ilivyo, ana kiasi gani na kitatosha mlo mmoja. Eliya akasikia yote, ndipo akampa neno. Mama akaenda akafanya kwa mkono wake. Eliya hakuingia jikoni usiku. Mimi sina shida na kutoa konzi ya mwisho. Nina shida na kutolewa.

Dada Mama_Kihenge, pole na hongera. Nikwambie tulivyofanya sisi, usichukue kama sheria. Mume wangu naye ana mkono mwepesi. Siku za mwanzo za ndoa nilikuwa nalia jikoni, sisemi, najiona mke mwema. Baadaye shangazi yake ndiye aliyetukalisha. Akasema mavuno yakiingia, kabla ya yote mtenge gunia la wageni na wenye shida, mlifunge, mliweke pembeni, na nyote wawili mjue liko pale. Katika hilo mume atoe bila kuuliza, usiku au mchana, kwa mwenye mbuzi au asiye na mbuzi, ni juu yake na Mungu wake. Likiisha limeisha.

Kwetu ugumu haukuwa kutenga. Ugumu ulikuwa siku limeisha, mtu yuko mlangoni, na mume wangu inabidi afungue mdomo aseme "sina". Jamani, kwa mtumishi neno hilo ni zito kuliko gunia lenyewe. Ilimchukua muda. Alikuwa ananiangalia mimi niseme kwa niaba yake, ili mke aonekane ndiye mchoyo na yeye abaki mtakatifu. Nikakataa. Nikamwambia sema mwenyewe, na alivyosema watu hawakumla. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia kwa pasta kumekwisha, akashtuka kwamba pasta pia huishiwa, akaleta debe. Kabla ya hapo walidhani tuna ghala la misheni chini ya kitanda.

Kwa hiyo nakuuliza wewe: mumeo amewahi kusema "sina" mbele ya watu? Kama hajawahi, hilo ndilo pengo, si mtama.

Mzee_wa_Kondoa:

Assalaam aleikum na habari zenu. Mimi Mwislamu, napita tu, lakini mada imenishika, na njaa ya Dodoma haiulizi dini.

Kwetu zaka ya mazao ina kipimo. Shamba linalonyeshewa na mvua, sehemu moja ya kumi. La kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Na mavuno yasiyofika kiwango, ambacho kwa kilo ni kama mia sita na hamsini hivi, hayadaiwi kitu. Ukizidisha hapo ni sadaka yako, unalipwa kwa nia yako, lakini hakuna anayekudai. Dada amevuna debe arobaini na tano. Sehemu ya kumi ni debe nne na nusu. Shemeji ametoa nane. Sisemi Wakristo wafuate zaka, nasema kipimo kina huruma ndani yake, kinamlinda anayepewa na kinamlinda aliyeko nyumbani kwa mtoaji.

Na kwa vijana wanaosema viongozi wote sawa: mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mengi yake tunaweza kubishana, na wazee wa hapa waliohamishiwa vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma wana maneno yao. Lakini mshahara ule ulikuwa na jina lake. Alianzia mfukoni mwake.

Kijana_wa_Nkuhungu:

Haya, nimerudi na Biblia safari hii msije mkanifukuza. 1 Samweli 25. Abigaili, mke wa Nabali. Alichukua mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, vishada mia vya zabibu kavu na mikate mia mbili ya tini, akapakia kwenye punda akampelekea Daudi. Na imeandikwa HAKUMWAMBIA MUMEWE. Na Biblia inamsifu. Kwa hiyo mke akihamisha mzigo kimyakimya kuokoa nyumba yake, kuna mfano. Tena na zabibu ndani, kabisa wa Dodoma.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa:

Kijana, nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza kuna nini. Umefanya kazi nzuri, ila umeishia mapema.

Endelea mpaka mstari wa 36 na 37. Abigaili aliporudi alimkuta Nabali kwenye karamu, amelewa sana, hakumwambia neno mpaka kulipopambazuka. Asubuhi mvinyo ulipomtoka akamweleza yote. Alinyamaza usiku mmoja, na sababu yake ni kwamba mtu mwenyewe hakuwa na akili ya kusikia. Kulipokucha alisema.

Mwanangu Mama_Kihenge, mumeo si Nabali na hajalewa. Ukiyapeleka magunia Ihumwa, mwambie hata kama umeshayapeleka. Kuyahifadhi mahali pengine sioni dhambi, hata Yusufu aliweka akiba na hakuigawa ilipofika. Lakini lile la Februari, la kusema "nimenunua", hilo liache. Litakufanya kila siku uangalie uso wake kama umegundulika, na siku akijua, atakuwa na haki ya kuuliza uliyouliza wewe: mimi nimo kati ya watu wa nyumba hii? Utakuwa umemfanyia lile lile la debe nane.

Pia nina la kuwauliza viongozi wa kanisa wanaosoma humu. Sadaka ya mavuno mitaa yetu inatoa magunia, yanauzwa Juni au Julai bei ikiwa chini kabisa, pesa inapanda parokiani. Februari wenye njaa wanakuja kwa katekista, kwa sababu mtama wa kanisa haupo tena. Mitume walipolemewa na malalamiko ya wajane, Matendo 6, hawakuanza kugawa vya majumbani mwao. Walisema chagueni watu saba wenye sifa njema, tuwakabidhi jambo hili. Kwa nini mtaa usibakize hata magunia mawili ya mavuno, chini ya watu watatu wanaoaminika, mwanamke akiwamo, na daftari? Hapo katekista atabaki na kazi ya kuwapeleka watu kwa hao watatu. Na yule mwenye mbuzi ataulizwa habari za mbuzi na kamati, si na mume wa mtu.

Neema_tu:

Nakubali kuhusu Sarepta, mama pasta. Ila mwalimu, kamati nazo tunazijua. Daftari litakuwapo na mtama hautakuwapo. Huyo katekista usiku na debe lake angalau lilifika kwa mwenye njaa.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa:

Ni kweli, na sina dawa ya hilo. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo.

Mama_Kihenge:

Wapendwa, nimerudi. Wiki hii sikuwa na nafasi, tulikuwa tunapura.

Nilimwambia. Sikupeleka kwanza, nilimwambia kabla, jioni tumekaa nje. Nilimsomea habari ya Daudi na maji, sikusema nimeitoa wapi (mwalimu nisamehe). Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri amekasirika. Halafu akauliza swali moja tu: "Wakija, nitawaambia nini?" Mama pasta wa Kongwa, nilikukumbuka hapo hapo. Hajawahi kusema "sina". Miaka yote ya ukatekista hajawahi. Nikamwambia utasema imekwisha. Akasema watadhani nimebadilika. Nikamwambia umebadilika.

Ambacho sikutegemea ni mama mkwe. Alikuwa ndani, tulidhani amelala. Akasema kwa sauti kutoka chumbani, "Na mimi nilipalilia. Nani aliniuliza?" Mume wangu hana jibu kwa mama yake, hakuwahi kuwa nalo. Basi wameongea wenyewe kwa Kigogo mpaka mimi nikaenda kulala.

Tulichofikia: gunia moja la wageni, limetengwa, limefungwa kwa kamba nyekundu aliyoichagua mwenyewe. Mama mkwe alitaka liwe nusu gunia, akashindwa. Ihumwa linakwenda moja, si mawili, na mume wangu ndiye atakayelipakia. Mwenye mbuzi hajajadiliwa, hilo bado tunatofautiana. Yeye anasema mbuzi wale ni mahari ya kijana wao na huwezi kumwambia mtu ale mahari. Mimi nasema unaweza.

Suala la mavuno ya mtaa kubaki mtaani amelipeleka kwa pasta. Pasta amesema wazo zuri, ila mtaa una deni la mchango wa parokia, tulipe kwanza kisha tuongee. Kwa hiyo mwaka huu naona hapana. Mwalimu, ulijua itakuwa hivyo?

Swali jingine la haraka, maana yale ya kihengeni mwaka jana fukusi walikula chini kabisa. Ile mifuko isiyopitisha hewa, inayofungwa bila dawa, inashika mtama vizuri au ni kwa mahindi tu? Na Dodoma mjini inauzwa bei gani?

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa:

Nilijua. Mwambie akumbushe tena mwakani mwezi wa tano, kabla hayajauzwa. Akingoja Juni amechelewa.

Kijana_wa_Nkuhungu:

Mifuko inashika nafaka zote dada, ila mtama ukauke kweli kweli kwanza, la sivyo unaota ukungu humo ndani. Majengo sokoni, maduka ya pembejeo, mimi nilimnunulia mama kwa elfu tano mmoja. Angalia ile plastiki ya ndani isiwe na tundu: pulizia hewa, ikunje mdomo, kandamiza. Ikipumua rudisha. Ukija mjini nistue, nikuonyeshe duka.

Mke_wa_Pasta_Kongwa:

Hapo kwenye mbuzi niko upande wa mumeo.

Mama_Kihenge:

Mama pasta, hapana jamani! Mbuzi wako kumi na wawili!